Unasali Wapi?

Mudaka, kwetu Kivu ya Kusini katika Kongo, haijawahi kuwa nchi kame. Mvua ya Kabare inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, migomba inashuka kijani mpaka ukingo wa barabara, na upande wa magharibi uko msitu wa Kahuzi unaoyatunza maji na kuyaachilia polepole mabondeni. Hata mji wa Bukavu unakunywa kwetu: Regideso, shirika la maji la serikali, inachota maji katika mto Murhundu, hapa hapa Kabare, na kuyapeleka mjini. Nilipokuwa msichana, miaka ya 1970, tulijua kwamba maji ya nchi yetu yanakwenda Bukavu kwa bomba, nasi tunaokaa yanakotoka tunayafuata bondeni kwa miguu.

Chemchemi yetu ilikuwa wazi, chini ya shamba la migomba. Maji yalitoka ardhini baridi, hayana rangi wala harufu. Yakishatoka yalituama kwenye dimbwi, na dimbwi lile lilikuwa la wote: ng'ombe, mbuzi, watoto na makopo yao, kina mama waliokuja kufua, na mvua iliyoshusha kila kilichokuwa juu ya kilima. Aliyewahi alfajiri alipata maji, aliyechelewa alipata tope. Wasichana ndio waliotumwa kuwahi bondeni, kwa hiyo wasichana ndio waliochelewa shuleni.

Watoto wachanga waliharisha kila mvua zikianza, na wazazi wetu walilichukulia jambo hilo kama kuota meno. Kule Lwiro, katika kituo cha utafiti kilichojengwa na Wabelgiji, madaktari walikuwa wameichunguza bwaki kwa miaka mingi, ule ugonjwa unaomvimbisha mtoto miguu na kuzigeuza nywele zake rangi. Walitufundisha habari ya maharage, mayai na dagaa. Walisema kweli. Lakini mama yeyote wa Mudaka angeweza kuwaambia kwamba mtoto anayeharisha kila wiki, hata ukimpa maharage, hayamkai tumboni.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya Kikatoliki, kama wengi wa Bashi, watu wa kabila letu. Nilipoolewa nikaingia katika nyumba ya Wapentekoste. Kwetu Kivu ya Kusini Wapentekoste wana mizizi ya zamani: jumuiya ya 8e CEPAC ilitokana na wamisionari wa Sweden, na 5e CELPA na wale wa Norwei, zote zikiwa chini ya mwavuli wa Kanisa la Kristo katika Kongo. Mama yangu aliendelea na misa parokiani, mimi nikaimba katika kwaya ya kanisa la mume wangu, na Jumapili jioni tulikula bugali pamoja. Nayasimulia haya ili msomaji ajue kwamba katika ugomvi nitakaoueleza nilikuwa na ndugu pande zote mbili.

Mwaka 1994, Julai na Agosti, barabara yetu ilijaa watu. Wanyarwanda waliokimbia vita vya kwao walivuka mto Ruzizi na kuingia Bukavu kwa malaki, na zaidi Wafaransa walipofunga operesheni yao ya kijeshi ya Turquoise huko Rwanda tarehe 21 Agosti. Kambi zikasimama upande wa Kavumu: Inera, Kashusha, Adi-Kivu. Mikaratusi ikakatwa vilimani kwa kuni. Bei za soko la Mudaka zikapanda. Mwenye ndizi akafurahi, mwenye kununua akalia. Kutoka Goma zilikuja habari za kutisha: wakimbizi wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Malori ya matangi yalianza kupita mbele ya nyumba zetu kutwa kucha. Kambini maji yalitiwa kloro, yakapitishwa kwenye mabomba yenye robine nyingi, na watu wakachimbiwa vyoo kwa mistari. Ilikuwa haki yao. Bila hayo wangekwisha kama wenzao wa Goma. Lakini fikiria mama wa Mudaka amesimama na bidoni tupu kando ya barabara, lori limebeba maji safi linampita, naye anateremka bondeni kwenye dimbwi la ng'ombe. Baadhi yetu tulibeba sombe na viazi mpaka kambini, tukauza, tukarudi na bidoni ya maji yale yaliyonuka dawa. Tuliyaweka kwa ajili ya watoto wachanga.

Katika hali hiyo kanisa moja la Kipentekoste la hapa kwetu lilipata msaada kutoka kwa ndugu wa ng'ambo ili litengeneze chemchemi. Hawakuleta mashine. Walileta mifuko ya simenti, vipande vya bomba na fundi mmoja kutoka Bukavu aliyeijua kazi yake. Mengine yote, mawe, mchanga, kokoto, udongo wa mfinyanzi na nguvu za mikono, yalikuwa juu yetu.

Hapo ndipo nilipoona kanisa linaweza nini. Wakati wa Mobutu tulikuwa tumechoshwa na salongo, kazi ya lazima ambayo askari walikuja kuihesabia watu. Chifu alipoitisha watu kwa chemchemi, walikuja wachache na majembe mabovu. Mchungaji alipotangaza madhabahuni, asubuhi iliyofuata mawe yalishuka bondeni juu ya vichwa vya kina mama, na kwaya ikaimba mbele yao. Hakuna aliyelipwa, na simenti haikuibwa. Shirika lolote lingetumia pesa nyingi kupata watu wa namna hiyo na lisingewapata.

Fundi alitufundisha mambo ambayo nayakumbuka mpaka leo. Jicho la chemchemi halitafutwi juu juu: unachimba kulifuata nyuma, taratibu, mpaka uone maji yanatoka kwenye udongo mgumu. Unapanga mawe na kokoto ili maji yapite humo, unaziba juu kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, unajenga ukuta mbele na kupitisha bomba humo. Bomba hilo lazima likae chini kuliko jicho. Ukiliweka juu, maji yanarudi nyuma, yanatafuta njia nyingine ardhini, na siku moja unakuta ukuta mzuri usiotoa kitu. Juu ya chemchemi unachimba mfereji wa kukinga mvua, unazungusha ua, na kuanzia hapo hakuna choo wala zizi wala mkaratusi. Choo kisogezwe si chini ya mita 30, na kisiwe upande wa juu.

Ilibaki ardhi. Chemchemi ilikuwa ndani ya shamba la mzee mmoja Mkatoliki, shamba ambalo ukoo wake ulilipia kalinzi, ile ada ya ardhi ya kimila, kwa Mwami, mfalme wetu, toka zamani. Bila yeye hatungeweza kuweka jiwe hata moja. Mzee alisikiliza maombi ya mchungaji mpaka mwisho, akasema: "Kalinzi tulilipia udongo. Maji hatukuyalipia. Jengeni, lakini watoto wangu wasije wakalazimika kuomba ruhusa hapa." Mchungaji akakubali mbele ya mashahidi, wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi; yaani mzee alikunywa, mchungaji akapewa chai.

Siku ya kufungua ilikuwa sherehe. Kulikuwa na wageni, picha na mahubiri marefu kuhusu mwanamke Msamaria na maji ya uzima. Hakuna aliyechukizwa, hata Wakatoliki waliimba. Matatizo yalianza baada ya wageni kuondoka. Wasimamizi wa kanisa waliamua kwamba mlango wa ua ufunguliwe asubuhi baada ya ibada fupi hapo hapo kwenye chemchemi. Walisema maji haya ni matunda ya sala na sadaka, basi si vibaya watu wasikie neno kabla ya kuchota. Vijana wawili wakawekwa mlangoni, na kila mama aliyefika walimuuliza: "Unasali wapi?"

Kwetu hilo ni swali la kila siku. Utaulizwa kwenye gari, sokoni, katika msafara wa arusi. Ni namna ya kumjua mtu. Lakini likiulizwa na kijana aliyeshika ufunguo linasikika vingine. Kina mama wa parokia walisikia wameombwa karata ya uanachama. Hawakugombana. Waliinua bidoni zao wakarudi kwenye bonde lingine, kwenye maji ya zamani, na mama yangu akiwa mmoja wao. Nilimfuata nikamwambia, "Mama, hakuna atakayekukataza, ingia uchote." Akanijibu, "Najua hawatanikataza. Wataniruhusu. Mimi sikuja kuruhusiwa maji."

Mvua za Septemba zikaanza, na kuharisha kukarudi palepale. Kulirudi katika nyumba za waliokuwa wakichota bondeni, na baada ya muda mfupi kukaingia kwetu pia, sisi wenye robine na ibada. Mtoto wa Mpentekoste anacheza na mtoto wa Mkatoliki, wanakula embe moja kwa mikono ileile, wanajisaidia migombani pamoja. Fundi alikuwa ametueleza kwamba maji safi yanamkinga mtu pale tu jirani zake nao wanayo. Wakati ule tuliyasikia kama maneno ya semina. Sasa tuliyaona kwenye nguo tulizokuwa tukifua.

Walioamua ni wanawake. Kikundi cha kina mama wa kanisa letu kiliomba kukutana na mchungaji, na aliyesema alikuwa mama mkwe wangu, mtu ambaye kwa kawaida hakufungua kinywa mbele ya wazee. Alisema, akimtaja Mungu kwa jina la kwetu, "Baba mchungaji, Nyamuzinda akinyesha mvua hatumi kijana kuuliza shamba ni la nani." Mchungaji alicheka kidogo, kwa maana andiko lile alilihubiri mwenyewe mara nyingi. Kisha akatoa hofu yake waziwazi: ndugu wa ng'ambo wanangojea barua, wanataka kujua ni wangapi wamesikia Injili kwa mradi huu. Tuwaandikie nini? Mzee mmoja wa kanisa akajibu kutoka nyuma, "Waandikie idadi ya bidoni." Watu wakacheka mpaka mkutano ukalegea, na jambo likawa limekwisha.

Tuliunda kamati mpya. Ufunguo ulikabidhiwa mama wa parokia, kisanduku cha michango kikabaki kwa mama wa kanisa letu, na mimi, kwa kuwa nilimaliza shule, nikapewa daftari. Chifu alikuwa na mtu wake, na mzee mwenye shamba alikaa siku zote bila kuchaguliwa. Vijana wa mlangoni waliondolewa. Neno la Mungu halikufukuzwa: aliyetaka kuimba akichota aliimba, na mafundisho ya usafi yalitolewa katika ibada yetu Jumapili na katika jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki katikati ya wiki, kwa maneno yaleyale. Kunawa kwa majivu pale sabuni inapokosekana, kufunika bidoni, kuosha kopo la kuchotea. Padri alituma katekista wake ajifunze kwa fundi wetu, nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu huyo kuingia katika uwanja wa kanisa la Kipentekoste.

Miaka mingi baadaye nilielezwa kwamba mwaka uleule wa 1994 wakimbizi walipofika, Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada yalikuwa yamechapisha kanuni za mwenendo wao, na mojawapo inasema msaada hautatumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Nilifurahi kusikia kwamba huko nako walifikiri hivyo. Sisi tulifika mahali pale kwa kuharisha kwa watoto na kwa ulimi wa mama mkwe.

Oktoba 1996 vita vikapanda kutoka kusini. Tarehe 6 wagonjwa waliuawa katika hospitali ya Lemera. Mwisho wa mwezi Bukavu ikaanguka, na tarehe 29 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa mjini. Mwanzoni mwa Novemba kambi za Inera na Kashusha zikavunjwa kwa risasi. Wakimbizi wakaingia msituni, na wengi wao hawakutoka wazima. Mashirika ya kigeni yalikuwa yameshaondoka. Mitambo ya maji kambini ilikaa kimya siku ileile malori yalipokosa kupita, kwa maana ilitegemea dizeli, kloro na madereva.

Sisi nasi tulikimbia. Tuliporudi, ua wa chemchemi ulikuwa umechomwa kuni, mlango hauonekani, na kwenye ukuta kulikuwa na alama za risasi. Maji yalikuwa yakitoka kama tulivyoyaacha. Chemchemi iliyokingwa vizuri haihitaji petroli. Inahitaji mtu wa kuusafisha mfereji na kuziba ufa. Mtu huyo alikuwepo, kwa kuwa katekista, mchungaji na kina mama wa kamati hawakuwa na ndege ya kupanda katika uwanja wa Kavumu. Nikiulizwa kwa nini msaada wa maji upitie makanisani, jibu langu ni hilo. Kuna miaka ambayo kanisa, la upande huu au ule, ndilo jengo pekee ambalo bado lina watu wanaokutana kwa saa inayojulikana na kuaminiana kwa pesa.

Ya pesa yalikuwa mazito. Kila nyumba ilitoa kidogo kwa mwezi, kwanza kwa zaire, halafu kwa faranga zilizoletwa mwaka 1998. Asiye na pesa alileta mchanga au siku ya kazi. Agosti ya mwaka huo vita vya pili vikaanza, na wenye bunduki wakajifunza haraka kwamba vijiji vina visanduku. Chetu kilichukuliwa usiku. Kuanzia hapo kamati haikuweka tena noti. Simenti nayo ukiiweka inaganda. Mbuzi analia na askari anamsikia. Basi michango tuliigeuza dende, yaani simbilisi, wale wanyama wadogo wanaokaa chini ya kitanda na kuzaa bila kelele, tukawagawa kwa nyumba za Wakatoliki na Wapentekoste sawasawa. Ukuta ukipasuka tuliwauza sokoni tukanunua mfuko wa simenti. Katika daftari langu kuna kurasa ambazo safu ya mapato inahesabu dende peke yake.

Baada ya uchaguzi wa 2006 mashirika yalirudi kwa wingi. Katiba mpya, katika kifungu cha 48, ilitaja maji ya kunywa kuwa haki ya Mkongomani. Ukaja mpango wa vijiji safi wa serikali na UNICEF, wakaja pia ndugu wa makanisa kutoka nchi nyingi. Robine ziliongezeka njiani, kila moja na kibao chake chenye jina na rangi. Ziko zinazotoa maji hadi leo. Ziko ambazo kibao ndicho kilichodumu. Nimezitembelea nyingi kwa ajili ya kamati, na tofauti nimeiona mahali pamoja: pale waliojenga walipouliza kwanza nani atanunua vali ikivunjika, maji yapo. Pale walipouliza kwanza watu wangapi watakuja kwenye uzinduzi, hayapo.

Watu hupenda kuniuliza kama maji yale yaliongeza waumini. Walikuwepo waliohamia kwetu miaka ile, na baadhi yao baadaye wakahamia makanisa mengine ya uamsho yaliyochipuka kila kona. Mama yangu alikufa Mkatoliki, na kwaya yetu iliimba kwenye mazishi yake. Mchungaji wetu, kabla hajastaafu, aliacha kuandika hesabu ya waliookoka katika barua za mradi. Alisema kama Mungu anaihitaji hesabu hiyo, hataitafuta katika faili ya maji.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha Bukavu, na kwa mara nyingine tukaona magari ya mashirika yakiondoka. Kamati ilikutana Jumapili iliyofuata kama kawaida. Lakini ajenda yake kubwa siku hizi haihusu vita. Watu wanazidi kujenga kando ya barabara hii, na bei ya ardhi ya Mudaka imepanda. Mashamba ya kalinzi yanakatwa parseli, na kilima kilicho juu ya chemchemi kimeanza kujengwa. Kila nyumba ina choo chake. Mita 30 za fundi zinamegwa mwaka hadi mwaka, na hakuna kloro ya kudumu itakayotuokoa choo kikishafikia maji ya ardhini.

Wauzaji wa parseli hizo tunawajua. Wengine wanaketi viti vya mbele kanisani kwetu, wengine wanabeba sadaka parokiani. Juzi alikuja kijana wa huduma moja ya Injili, ana msaada wa ng'ambo, anataka kutujengea robine mpya na kufanya mkutano wa mahubiri siku tatu. Nilimkaribisha vizuri. Nilimwambia robine zipo, simenti tutaipokea, na mahubiri pia tunayahitaji, ila awahubirie wauza viwanja, na mkutano aufanyie kule juu kilimani, mbele ya nguzo za mipaka.